Neva Hazisubiri Mnada wa Korosho

Mwenye duka la dawa Nachingwea mjini hahitaji kutangaziwa kwamba wakulima wamelipwa. Malipo ya korosho yakishaingia, kuanzia Oktoba hadi kuelekea mwaka mpya, wazee huja na vyeti vyao vilivyokunjwa mara nne na kuomba vidonge vya presha vya mwezi mzima, wakati mwingine vya miezi miwili. Ufuta ukiuzwa Juni na Julai, wanarudi tena kwa kiasi chao. Katikati ya misimu hiyo, kifuku kikikolea na njia za vijijini zikawa tope, wateja walewale hununua vidonge kwa kuhesabu: kumi, saba, vitano. Wengine hawaonekani kabisa.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zinaishi kwa kalenda ya mazao. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndicho kinachosimamia mauzo ya korosho, ufuta na mbaazi kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na mfumo wa stakabadhi ghalani. Ada za shule, bati, harusi na sherehe za jando na unyago hupangwa kwa kufuata minada hiyo, na hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba matibabu ya wazee nayo yametumbukizwa humo humo. Kiharusi, Parkinson, ganzi ya miguu na usahaulifu wa uzeeni kila kimoja kina saa yake, na hakuna hata kimoja kinachofuata bei ya korosho. Hoja ya safu hii ni moja: mzee mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu ataishi vizuri pale kaya yake na zahanati yake zitakapoijua saa ya ugonjwa wake, kisha zikapanga fedha, dawa na watu kwa kuifuata. Daktari bingwa ana kazi yake, lakini mabingwa wa neva nchini ni wachache na karibu wote wako miji mikubwa. Kazi ya kila siku inabaki nyumbani.

Kiharusi: dakika chache na miaka mingi

Kiharusi kina saa mbili. Ya kwanza ni ya dharura. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kubaki juu ukiinuliwa, au maneno yakivurugika ghafla, ubongo unakufa kidogo kidogo kwa kukosa damu au kwa kuvujiwa na damu. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kwa mzee wa kijiji cha ndani ya Ruangwa, saa nne na nusu zinaweza kwisha gari likiwa bado linatafutwa.

Je, basi hakuna haja ya kukimbia? Ipo. Wagonjwa wengi wa kiharusi hawauawi na kiharusi chenyewe bali na kinachokifuata: chakula kinachoingia kwenye mapafu na kuleta nimonia, vidonda vya mgandamizo, damu kuganda mguuni. Hayo yote huzuilika katika hospitali ya wilaya, au kule Mnero, Nyangao na Ndanda, hospitali za misheni ambazo watu wa kusini wamezitegemea kwa vizazi. Mgonjwa alazwe kwa ubavu, asipewe chochote mdomoni mpaka ithibitike kwamba anaweza kumeza akiwa ameketi wima, wala asimezeshwe vidonge viwili vitatu vya presha vya jirani ili “ishuke haraka”. Presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa bado hai hukosa damu nayo ikafa. Aspirini pia isubiri, kwa sababu nje ya hospitali hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka.

Saa ya pili ya kiharusi ni ya miaka, na hiyo ndiyo tunayoweza kuishika. Kuanzia 2003 hadi 2006 watafiti waliokuwa wakifuatilia kiharusi nchini, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika jiji la Dar es Salaam, walikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na karibu 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kiwango cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani. Sababu kubwa ilikuwa presha. Katika wilaya hiyohiyo ya Hai, watu wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba kati ya kumi walikuwa na presha ya juu, na waliokuwa wakitumia dawa hadi presha ikadhibitiwa walikuwa wachache mno.

Hai si Ruangwa. Kule kuna hospitali ya KCMC jirani, kahawa, ndizi na baridi ya mlimani. Lakini mshipa wa damu hauulizi kabila wala zao. Huku kwetu kuna ng'onda na dagaa wa chumvi nyingi, kuna wazee ambao mara ya mwisho walipimwa presha walipokwenda kutibiwa malaria, na kuna imani kwamba presha ni ugonjwa wa kupona. Mazungumzo kama haya husikika katika kliniki yoyote ya kusini:

“Shikamoo bibi. Vidonge viliisha lini?”

“Marahaba mwanangu. Viliisha tulipokuwa tunapalilia. Nikapimwa, nikaambiwa imeshuka. Nikashukuru Mungu, nikaacha.”

Bibi huyo si mkaidi. Aliambiwa presha imeshuka, asiambiwe kwamba imeshushwa na kidonge na itapanda kidonge kikikoma. Muuguzi anayesema “imeshuka” aongeze papo hapo: “na ndiyo maana usiache.” Sentensi hiyo haihitaji bajeti.

Halafu kuna mjadala wa kipapai. Mtu akianguka na kupooza upande mmoja, wapo watakaosema amepigwa kipapai au amerushiwa jini. Wengi hudhani hayo ni mambo ya vijijini. Utafiti uliolinganisha Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa 2008, ulikuta kinyume chake: ni watu wa jijini waliotaja zaidi majini na uchawi, na wa Hai vijijini wakataja zaidi presha, mafuta na msongo wa mawazo. Maana yake ni kwamba imani hubadilika watu wanapopata maelezo ya kueleweka na huduma iliyo karibu. Umbali wa kutoka mjini si kigezo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua mganga wa kienyeji, na sioni faida ya kumtukana. Ninachomwomba mwenye mgonjwa ni mpangilio: hospitali kwanza, mganga hatakimbia.

Parkinson: saa ya kidonge

Ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari Mwingereza James Parkinson aliyeueleza 1817, hutokana na kufa taratibu kwa seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia mapajani, mwili hukakamaa, hatua hufupika, uso hupoteza tabasamu, sauti hushuka. Si kila mtetemo ni huo. Mzee ambaye mkono wake umetulia mapajani, ila unatetemeka anapoinua kikombe cha chai, huenda ana mtetemo wa aina nyingine, ambao ni wa kawaida zaidi uzeeni na hauhitaji dawa za Parkinson.

Kule Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya wakazi wapatao 161,000 na kukuta watu 33 wenye Parkinson. Idadi ni ndogo. Kilichoshtua ni kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, na hivyo hawakuwa na dawa. Nchini Uganda, watu wa Buganda wengi huhusisha mtetemo na mwiko wa mtu kugusana na mkwewe, unaoitwa obuko, na chama cha wagonjwa kimejiita Parkinson's Si Buko ili kuipinga dhana hiyo. Kwetu huitwa uzee, au huitwa kurogwa. Vyovyote uitwavyo, mgonjwa hukosa kidonge.

Kidonge chenyewe ni levodopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini. Hakiponyi, lakini kwa wengi hurudisha uwezo wa kufunga vifungo vya shati, kula bila kusaidiwa na kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yao. Hapa ndipo kalenda ya mazao inapogonga mwamba, maana levodopa haidaiwi kwa msimu wala kwa mwezi. Inadaiwa kwa saa. Hufanya kazi saa chache kisha hupungua, na mgonjwa aliyekuwa anatembea saa nne asubuhi anaweza kuganda kitini saa nane mchana. Humezwa nusu saa hivi kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa sababu protini ya mbaazi, kunde, samaki au nyama hugombania nayo njia ya kuingia mwilini. Mzee asinyimwe mbaazi, atenganishiwe muda. Na dawa isikatike ghafla. Levodopa ikisimama siku moja kwa sababu fedha zimekwisha, mwili unaweza kukakamaa kupita kiasi, joto likapanda, mgonjwa akafa.

Mambo mawili zaidi yanafaa kujulikana na kila mwenye mgonjwa wa Parkinson. La kwanza: baadhi ya dawa za kawaida huuzidisha ugonjwa huu au huleta dalili zinazofanana nao. Mojawapo ni metoklopramidi ya kuzuia kutapika, inayouzwa sana kwa jina la Plasil. Nyingine ni haloperidoli, inayotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa. Mtaje mgonjwa wako kila unapoingia duka la dawa. La pili: upupu, mmea unaowasha unaoota wenyewe maporini, mbegu zake zina levodopa ya asili. Utafiti mdogo wa wagonjwa 18 uliofanyika Bolivia na kuchapishwa 2017 uliona unga wa mbegu hizo ukiwasaidia kwa muda mfupi karibu sawa na kidonge. Ni habari ya matumaini kwa nchi maskini, lakini kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu. Asijipimie mtu jikoni.

Dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mwendo. Miguu ya mgonjwa wa Parkinson hunata chini hasa mlangoni, kwenye kona na penye nafasi finyu. Ubongo wake unashindwa kuanzisha hatua kwa kujiamuru, lakini bado unaweza kufuata alama au mdundo wa nje. Chukua jivu uchore mistari ukumbini kuelekea mlangoni, mmoja mmoja kwa umbali wa hatua, umwambie babu avuke mstari. Asipoweza, mpigie makofi kwa mdundo. Mtu aliyecheza sindimba ujanani ana mdundo mwilini mwake hata mikono ikitetemeka, na mara nyingi mguu uliogoma kutii amri hutii ngoma. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo. Bondia Muhammad Ali, aliyekuja Dar es Salaam Februari 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, alithibitishwa kuwa na dalili za Parkinson 1984 na akaishi hadi 2016. Alikuwa na madaktari na fedha, ni kweli. Hata hivyo miaka hiyo zaidi ya 30 inaonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa kuishi nao.

Ganzi: saa ya miaka

Neva za miguuni hazina kelele. Huanza na kuwaka moto usiku, kisha ganzi, kisha mzee anakanyaga mwiba asubuhi na kuugundua jioni kwa damu kwenye ndara. Chanzo kikubwa leo ni kisukari kisichodhibitiwa. Kipo kingine kinachosahaulika: kutumia metformini kwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo wenyewe huharibu neva. Mzee wa kisukari mwenye ganzi inayoongezeka ingawa sukari yake iko sawa aulizie B12.

Kusini tuna vyanzo vyetu vya zamani pia. Ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa ugonjwa wa ngozi. Bakteria wake huvimbisha neva za kiwiko na za goti, vidole hujikunja na unyayo huning'inia. Tanzania ilitangaza mwaka 2006 kwamba ukoma si tena tatizo la kiafya kwa kiwango cha taifa, lakini Liwale, jirani wa Nachingwea, imeendelea kutajwa miongoni mwa halmashauri zenye wagonjwa. Na dawa huua bakteria. Lakini neva iliyokwisha kufa haifufuki. Wapo wazee waliopona ukoma miaka ya 1980 na leo bado wanahitaji viatu, ukaguzi wa nyayo na mkono wa mtu wa kuwaosha vidonda.

Chanzo kingine ni muhogo mchungu. Usipoandaliwa vizuri hubaki na sianidi. Mwaka wa njaa, kwa watu wasiopata protini ya kutosha, sianidi hiyo huleta konzo: miguu yote miwili hupooza ghafla na kukakamaa maisha yote. Konzo ilitokea Tarime katika ukame wa 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaripotiwa wilayani Mbinga na katika mkoa jirani wa Mtwara. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na hao nao huzeeka wakiwa na miguu hiyohiyo. Kwa watu wazima waliokula muhogo wenye sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi, kuna ugonjwa mwingine uliochunguzwa sana Nigeria: mwendo wa kuyumba, ganzi ya nyayo, macho na masikio kufifia. Kinga yake ni rahisi. Unga wa makopa ukoroge na maji, utandaze kwenye ungo au sinia uwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano ili sianidi itoke hewani, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Njia hii, iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia, imekwisha kufundishwa kwa wanawake wa kusini mwa Tanzania na wa Msumbiji.

Kwa ganzi ya aina zote, kanuni ya nyumbani ni moja: kila jioni mjukuu mwenye macho mazuri aangalie nyayo za babu na bibi, chini na katikati ya vidole. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Usahaulifu: saa ya mchana na usiku

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, hajui alipo, anaona watu wasiokuwepo, hana usahaulifu wa uzee. Huyo ana dharura: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, au upungufu wa maji mwilini. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usahaulifu unaokuja kwa miezi na miaka, mpaka mtu anapotea njia ya shamba alilolima maisha yake yote, ni kitu kingine. Kule Hai ulikutwa kwa watu takribani 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Shida moja ya kuupima ni kwamba vipimo vingi vilitungwa kwa watu waliosoma. Ukimuuliza bibi wa Nachingwea tarehe ya leo na kumtaka achore saa ya ukutani, atashindwa hata akili yake ikiwa timamu kabisa. Ndiyo sababu watafiti wa Hai walitunga kipimo cha IDEA kwa ajili ya watu wasiojua kusoma: mgonjwa huulizwa leo ni siku gani ya wiki, kiongozi wa mahali pake ni nani, daraja ni kitu gani, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyotajiwa, kisha hupanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kiberiti kiko kila duka. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kutumia kipimo hicho.

Na kwa historia ya maisha, tumia historia ya mahali. Wazee wetu wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, wana matukio: mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, reli ya kutoka Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake na kung'olewa mapema miaka ya 1960, wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa Nachingwea, Operesheni Vijiji. Bibi anayechanganya matukio hayo ilhali mwaka jana aliyapanga vizuri amekupa kipimo cha kweli kuliko karatasi. Matukio hayohayo ni tiba pia. Mazungumzo ya kikundi yaliyopangwa, ambamo wazee hukumbushana, huimba na kutaja majina ya vitu, yamejaribiwa Hai na kuonekana kuwasaidia wenye usahaulifu. Baraza la mtaa lenye mkeka na chai linatosha.

Jambo moja lisivumiliwe kabisa: mwanamke mzee aliyesahau njia akakutwa usiku mlangoni kwa jirani kuitwa mchawi. Anayemjua kuwa mgonjwa amtangulie kwa mwenyekiti wa kijiji na kueleza, kabla maneno hayajaota miguu.

Mzigo uko kwa nani

Nimesema “mjukuu aangalie nyayo” na “atenganishiwe muda” kana kwamba mtu huyo yupo tu. Ukweli ni kwamba huwa mtu mmoja, na karibu kila mara ni mwanamke: mke mwenye miaka 68 anayemgeuza mume kila baada ya saa mbili asipate vidonda, binti aliyerudi kutoka Dar es Salaam, au mjukuu wa kike anayekosa shule. Watoto wengine wako mbali wanauza dukani, wanaendesha bodaboda, wanalinda majumba. Huyo mlezi naye ana shamba la kupalilia. Akiugua mgongo, wagonjwa wanakuwa wawili.

Kumpunguzia kazi huanza na nyumba. Kigoda na mkeka ni adui wa goti linalokakamaa. Kitanda kiinuliwe kwa matofali chini ya miguu yake hadi mgonjwa akikaa nyayo zikanyage sakafu, na pawe na kiti kimoja chenye mikono. Choo cha shimo kiwekewe nguzo mbili za kushika na kiti kilichotobolewa, kazi ya nusu siku kwa fundi seremala wa kijijini. Kizingiti cha mlango kisawazishwe. Mkono uliopooza usivutwe kwapani wakati wa kumwinua, bega linachomoka. Mshike kiunoni, kwa mkanda au kanga. Na familia ikubaliane kwa maneno ya wazi nani analeta fedha, nani analala na mgonjwa, nani anampokea mlezi siku mbili kwa juma ili naye alale.

Fedha zifuate ugonjwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Ahadi hiyo hukwama dirishani: ushauri ni bure, dawa haipo, nenda dukani. Kadi ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa, ambayo kwa miaka iligharimu shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, ilikuwa njia nzuri ya kugeuza fedha ya msimu mmoja kuwa huduma ya mwaka mzima, na Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Lakini bima ni karatasi kama rafu ya zahanati haina kidonge cha presha mwezi Machi. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha ndogo ya kila mwezi ina thamani zaidi kuliko fedha kubwa ya mara moja kwa mtu anayemeza kidonge kila siku. Bara bado hatujafika huko, na tunapaswa kufika.

Wakati tunasubiri, yapo yanayowezekana sasa. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa ziagize dawa za presha na kisukari kwa kuangalia miezi ya ukata, siyo wastani wa mwaka. AMCOS ziwape wanachama nafasi ya kukatwa kwa hiari ada ya bima siku ya malipo, kabla fedha haijagawanyika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa 2024, wapewe mashine za presha na orodha ya wazee wa kijiji, wapite nyumba zao kila mwezi, kifuku kikiwemo.

Na ndugu walioko mijini waache desturi ya kuchanga mamilioni baada ya mzee kuanguka, kukodi gari na kununua kiti cha magurudumu, wakati vidonge ambavyo vingemzuia asianguke vilikatika kwa kukosa elfu chache. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, baada ya shikamoo na habari za shamba, uliza dawa zimebaki za siku ngapi. Ukiambiwa kumi, tuma leo.